Kwenda Katubuka Kupiga Windows

Ujumbe uliomtia mama mdogo wasiwasi ulikuwa na adabu zake. Ulijaza kioo chote cha kompyuta, ukamshukuru kwa kuwa mteja mwaminifu wa Windows 10, kisha ukamweleza kwamba huduma inafika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, ahamie Windows 11, ila kompyuta yake haina sifa. Mama mdogo ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Barua ya namna hiyo aliwahi kuipokea alipotimiza miaka sitini, nayo ilianza kwa shukrani vilevile.

Akanipigia simu. "Baba, hii mashine inakata roho lini hasa?"

Nikamwambia haikati roho. Tarehe hiyo ikipita itawaka kama kawaida, itachapa kama kawaida. Kinachokoma ni viraka ambavyo Microsoft huvitoa kila mwezi, Jumanne ya pili, kuziba matundu ya usalama yanayogunduliwa kila mara. Kompyuta isiyopata viraka haifi. Inabaki na matundu ambayo wezi wanayajua na hakuna wa kuyaziba. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akaniambia fundi mmoja wa Mwanga, hukohuko kwake Kigoma, amemwomba elfu ishirini ampigie Windows 11 siku hiyohiyo, na kwamba yeye hamwamini fundi wala haniamini mimi wa kwenye simu. "Njoo uione kwa macho."

Kigoma nilikuwa sijafika. Yeye ndiye aliyekuwa akija Dar es Salaam, na kila akija hakosi mfuko wa dagaa na dumu la mawese, kwa hiyo mji wake niliujua kwa pua kabla ya kuujua kwa macho. Wiki chache baada ya tarehe ile ya Oktoba nikakata tiketi ya treni.

Kabla ya kuondoka nilimwomba anipigie picha ya lebo iliyobandikwa kwenye mashine. Ilikuwa Dell OptiPlex 7020, Core i5 ya kizazi cha nne, RAM ya GB 4, hadidiski ya GB 500. Ni katika yale makasha meusi ya mtumba yaliyopangwa hadi darini katika maduka ya Kariakoo, yaliyomaliza zamu yao katika ofisi za watu ng'ambo kabla hayajaanza zamu ya pili kwetu. Windows 11, tangu ilipotoka Oktoba 2021, inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, pamoja na kichipu cha usalama kiitwacho TPM, toleo la 2.0. OptiPlex 7020 ni ya mwaka 2014 na TPM yake ni 1.2. Kwa maneno mengine, mashine nzima, yenye uwezo wa kuandika barua na kupiga hesabu kwa miaka mingine kumi, imekataliwa mlangoni kwa ajili ya kitambulisho.

Niliulizia bei ya mtumba wa kizazi cha nane: laki tano hivi na kuendelea. Sikununua. Nilichukua SSD ya GB 240 na kijiti kimoja cha RAM, GB 4, ya aina ya DDR3. Na kwa kuwa sikutaka kumaliza bando la mtu ugenini, nilipakua nyumbani mfumo wa Linux Mint, unaokaribia GB 3, nikauandika kwenye fleshi mbili, moja ya kutumia na nyingine ya akiba.

Mtu mwenye haraka angepanda SGR hadi Dodoma, ambako imekuwa ikifika tangu Julai 2024, akaunga na basi. Mimi nilitaka kuingia Kigoma kwa mlango wake wa zamani. Reli hii Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma Februari 1914, miezi michache tu kabla ya vita. Ni zaidi ya kilometa 1,200, na treni haioni sababu ya kuzikimbilia. Saranda kila mtu aliamka kununua kuku. Baada ya Tabora joto na vumbi vikaingia behewani kama abiria wenye tiketi.

Jirani yangu alikuwa mfanyabiashara wa Nguruka, mzee wa makamo mwenye simu ya kitochi. Alipojua ninachokwenda kufanya aliniuliza, "Inawaka?" Nikasema inawaka. "Inafanya kazi?" Inafanya. "Sasa unaibadilishia nini?" Nikamweleza habari ya viraka. Akafikiri, akasema yeye pesa zake zote ziko kwenye simu hii na hajawahi kuisasisha. Swali lake nililichukulia kwa uzito kuliko alivyodhani, maana ndilo swali lenyewe. Watu wengi wanaobadilisha mfumo wa kompyuta hawana jibu lake. Wamesukumwa na tangazo au na fundi.

Kulipokucha tuliuvuka mto Malagarasi, tukapita Uvinza, mji wa chumvi ambayo watu waliichemsha kutoka kwenye chemchemi zake tangu kabla ya ukoloni, na baada ya vilima kadhaa reli ikaishiwa na nchi. Mbele ya stesheni ya Kigoma ni bandari, na mbele ya bandari ni Tanganyika, maji ya buluu iliyokolea na milima ya Kongo upande wa pili, kama ukungu haujaifunika. Nilitegemea ziwa. Nilichokiona ni bahari iliyosahau chumvi.

Bajaji ilipanda barabara ya miembe, ikapita Mwanga na zogo lake la soko, ikateremka kuelekea Katubuka. Huku ndiko kwenye uwanja wa ndege, na mtoto wa Katubuka anajua saa ya ndege kutua kama anavyojua ya kwenda shule. Ni kata ya nyumba za tofali, migomba, na michikichi iliyobaki katikati ya viwanja. Bondeni maji ya mvua hutuama, na mvua kubwa za miaka ya karibuni zimewahi kuwatoa watu majumbani mwao. Mama mdogo anakaa juu kidogo.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba, baba. Hilo begi ndilo limebeba Windows?"

Sikuruhusiwa kugusa kompyuta kabla ya kuoga na kula. Ilikuwa migebuka iliyoungwa kwa mawese, na ugali wa muhogo.

Mashine ilikuwa sebuleni, pembeni ya dirisha, imefunikwa kitambaa cha kufumwa. Kasha lake halikuwa chini ya meza kama kawaida. Lilikaa juu ya tofali mbili juu ya meza. Wenye nyumba za bondeni waliopoteza vitu kwenye maji walimfundisha. Pembeni kulikuwa na UPS nzito, ukumbusho wa miaka ile kabla ya 2022 ambapo mkoa ulikuwa unategemea majenereta na haujaanza kupata umeme wa gridi ya taifa. Nilipofungua ubavu wa kasha nikakuta vumbi jekundu limelala juu ya feni kama zulia, na katika kona, chini ya nyaya, mayai mawili ya mjusi. Mama mdogo akayatoa kwa kijiko, akayaweka dirishani.

Tulianza na kuorodhesha kazi. Nilimwomba anionyeshe anachofanya, si anachodhani kompyuta inaweza kufanya. Anaandika barua za maombi ya kazi za vijana wa mtaa, na wasifu wao. Anaandika katiba za vikundi. Anatunza hesabu za kikoba cha akina mama kwenye Excel: hisa, mikopo, faini za kuchelewa. Na zaidi ya yote anatengeneza kadi za michango ya harusi kwenye Publisher, ambazo ndizo zinazomlipia umeme. Intaneti anaipata kwa kuchomeka simu kwa waya wa USB, kwa muda mfupi, akimaliza anachomoa kama mtu anayefunga bomba.

Halafu nikatazama Windows yenyewe. Ilikuwa imekrakiwa, kama zilivyo nyingi. Hapo hofu yote ya Oktoba ilianza kuonekana kwa sura nyingine. Mtu anahofia kwamba kampuni imeacha kutengeneza makufuli, wakati kufuli la mlango wake liliwekwa na mpita njia asiyemjua, na hajui kama mpita njia huyo alibaki na ufunguo. Programu ya kukrakia huwa inaomba kwanza uzime antivairasi, na watu huzima.

Ilikuwapo njia ya kubaki na Windows 10 kwa mwaka mmoja zaidi. Microsoft iliweka mpango wa kuendelea kutoa viraka kwa watumiaji wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa anayeingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yake kwao. Lakini mpango huo umekusudiwa wenye leseni halali. Kwa mwenye Windows ya kununua, ningesema achukue mwaka huo, apumue. Kwa mama mdogo haukuwa wake.

Kulipokucha tukaenda Mwanga kumwona fundi. Nilikwenda nimejiandaa kubishana, nikakuta kijana mtulivu anayeunga chaja kwa moshi wa risasi, na nyuma yake kamba yenye fleshi zilizotungwa kama shanga, kila moja na karatasi yake: Win 7, Win 10, Win 11. Hakujifanya. Alisema wazi kwamba Windows 11 kwenye mashine ya kizazi cha nne anaipiga kwa kuruka ukaguzi, kuna programu iitwayo Rufus inayotoa masharti ya TPM wakati wa kuandika fleshi, na kwamba inaingia.

"Ikishaingia?" nikamuuliza.

"Inakuwa nzito. Kwa RAM nne na hadidiski ya kuzunguka, mama atawasha, ataenda kuchemsha chai, atarudi." Akaongeza kwamba sasisho kubwa la mwaka likija, wateja wengine hurudi kwake kwa sababu linagoma. Hilo linalingana na kauli ya Microsoft wenyewe, kwamba mashine isiyo na sifa haina uhakika wa kupata masasisho. Yaani unaweza kuhama kwa ajili ya viraka ukaishia usikoahidiwa viraka.

Nikamtajia Linux. Akacheka, si kwa dharau. "Sikatai, bro. Nimeigusa chuoni. Lakini mama akikwama usiku hakupigii wewe wa Dar, ananipigia mimi." Katika yote niliyosoma kuhusu kuchagua mfumo wa kompyuta, sikumbuki kukutana na hoja yenye uzito kama hiyo. Ubora wa mfumo unapimwa pia kwa umbali wa mtu anayeujua.

Kutoka Mwanga tulishuka bandarini, kwa kuwa nilikuwa nimesema sitaondoka Kigoma bila kuiona Liemba. Hadithi yake kila mtu wa hapa anayo. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipandevipande, ikaja kwa meli na reli ndani ya makasha, ikaunganishwa hapahapa na kuingizwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui, baada ya kuzipaka injini grisi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 mvuke ukaondolewa, ikawekewa injini za dizeli.

Nilikuwa nimegusia, kwa upole, kwamba pengine tukusanye hela ndugu tumnunulie mashine nyingine. Mama mdogo alisimama akiitazama meli, mkoba kwapani. "Hii ya mwaka 1915 serikali inaitengeneza," akasema, "wewe unataka nitupe kompyuta ya juzi."

Habari ya mashine mpya ikaishia hapo.

Tuliporudi nikachomeka fleshi ya Mint na kuiwasha kompyuta kutoka kwenye fleshi hiyo. Hii ndiyo sehemu ambayo ningeitangaza redioni kama ningeweza: Linux inawaka kutoka kwenye fleshi bila kugusa hadidiski. Ukiichukia, unazima, unachomoa, unarudi ulikokuwa. Mama mdogo aliweka miwani, akashika kipanya mwenyewe. Menyu ilikuwa chini kushoto, alikoizoea. Printa yake ya leza, ambayo kwenye Windows iliwahi kumsumbua hadi akatafuta CD yake mji mzima, ilitambuliwa kabla hajamaliza kuuliza iko wapi. Akachapa ukurasa. Akauangalia pande zote mbili, sijui akitafuta nini.

Faili la kikoba likafunguka kwenye LibreOffice Calc. Fomula zake zilikuwa za kujumlisha na za masharti, hakuna makro, na jumla ya chini ikalingana na ya kwenye daftari lake la kaunta hadi shilingi ya mwisho. Alihakikisha kwa kidole, mstari kwa mstari. Herufi za Calibri zilibadilishwa na Carlito, zenye upana uleule, hivyo hakuna safu iliyosogea. Barua nazo zilifunguka salama.

Kisha tukafungua kadi ya harusi. LibreOffice Draw inaweza kusoma mafaili ya Publisher, na ilisoma, lakini fremu ya maua ilipanda juu ya jina la bwana harusi, na ile sehemu ya namba za kupokelea michango ikateremka hadi nje ya kadi. Mama mdogo alitoa miwani. "Hii hapana. Watu watachanga wapi?"

Ningeweza kumwambia kwamba Publisher nayo inaondoka. Microsoft walishatangaza kuacha kuihudumia Oktoba 2026. Nilimwambia, lakini hilo halikubadili kitu kwa wiki hiyo. Alikuwa na harusi mezani.

Kilichoamua mambo kilikuja kwa mguu. Jioni kijana wa jirani aliingia na fleshi, anataka achapiwe wasifu. Alipoichomeka kwenye Windows yakatokea yale yale wanayoyajua wote wenye steshenari: mafolda yamegeuka vishale, mafaili hayaonekani, virusi vimeshavuka vimeingia ndani. Kila wiki hutokea, mama mdogo akasema, na fundi huja kusafisha. Tukawasha tena kwa Mint, tukachomeka fleshi ileile. Vile vishale vilikuwa vimelala kama takataka tu, haviwezi kufanya lolote, na folda lililofichwa likaonekana na wasifu ndani yake. Akachapa, akalipwa. Tangu ule ujumbe wa Oktoba tulikuwa tukiwaza wezi wa intaneti, kumbe adui wake mkubwa alikuwa akiingia kwa kubisha hodi, mkononi mwa mteja.

Uamuzi aliutoa yeye. Windows 10 ibaki palepale kwenye hadidiski ya zamani, kwa ajili ya kadi tu, na ikiwaka waya wa simu haugusi kompyuta, wala fleshi ya mteja. Kazi nyingine zote, intaneti na fleshi za watu, zihamie Mint. Ningekuwa mimi ningefuta Windows nikamaliza, na ningekuwa nimemwachia kompyuta safi isiyomlipia umeme.

Kazi yenyewe haikuwa na mbwembwe. Kwanza tulinakili kila kitu chake kwenye diski ya nje aliyoazima kwa shoga yake wa kikoba, tukafungua mafaili kadhaa kutoka kwenye nakala kuhakikisha yanafunguka. Nakala ambayo haijafunguliwa ni matumaini tu. Nikapiga feni brashi, nikaongeza RAM, nikafunga SSD. Kisha nikachomoa waya wa hadidiski ya zamani kabisa kabla ya kuanza kusakinisha, ili hata mkono ukiteleza kusiwe na cha kufuta. Ulipotokea ukurasa wa kuchagua lugha, alitaka kujua kwa nini kompyuta zote anazokutana nazo zinamsemesha Kiingereza. Nikamweleza kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi ulioitwa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi za Kiswahili, Desemba 2004. Mwaka huo alikuwa bado anafundisha. Hakuwahi kuisikia, na mimi sijawahi kuikuta kwenye ofisi yoyote niliyoingia.

Usakinishaji uliisha kabla ya maharage kuiva. Umeme ulikatika mara moja katikati, UPS ikapiga kelele, ikabeba. Nilirudisha waya wa hadidiski, nikaipanga menyu ya kuwashia iulize kila mara: Mint au Windows. Kwa SSD kompyuta ikawa inawaka haraka kiasi kwamba mama mdogo aliizima na kuiwasha tena, ashuhudie vizuri.

Lilibaki la fundi. Nilimwomba mama mdogo amwite nyumbani, naye akaja jioni na begi lake la bisibisi. Nilimwonyesha menyu, mahali pa kusasisha, na jinsi ya kurudisha mfumo nyuma kwa programu iitwayo Timeshift ukiharibika. Alielewa upesi kuliko nilivyoeleza. Alikaa kwenye kiti, akafungua fleshi yake mwenyewe iliyojaa virusi vya mji mzima, akaviangalia vilivyolala, akaguna. Akaniomba ile fleshi yangu ya akiba. Nikampa. Akatoa kalamu, akakata kipande cha karatasi, akaandika Mint, akakibandika.

"Nyingine ikija hivi nitaipiga," akasema.

"Kwa bei gani?" akauliza mama mdogo. "Maana hii ni ya bure."

"Elfu ishirini, mama. Mfumo ni bure. Mimi siyo."